Kitanda Chini ya Feni

Januari 4
Duka la dawa lililo mkabala na hospitali limenipa kitabu cha tarehe, zawadi ya mwaka mpya. Kila siku imepewa ukurasa mzima, kana kwamba mtu wa mji huu anaweza kuujaza. Leo joto. Jana pia.

Januari 6
Haya, tujaze. Naitwa Nimia. Ni muuguzi msaidizi, wodi ya wanaume, katika hospitali ndogo ya mji wa vumbi jekundu, mbali na mji mkuu, Asunción, kiasi kwamba wakubwa hutukumbuka kwa simu tu. Cheti changu ni cha kozi fupi. Mengine nimeyaiba: nimesimama nyuma ya migongo ya waliosoma nikitazama mikono yao. Nimegundua kwamba aliyesoma sana hutazama karatasi, na aliyesoma kidogo hutazama uso. Mimi natazama uso. Ndiyo maana miaka yote hii sijakosea dawa hata mara moja.

Wodi ina vitanda sita na feni mbili. Moja inazunguka, nyingine ni pambo. Inayozunguka iko juu ya kitanda cha tatu, na kitanda cha tatu ndicho Asunción yetu: kila mtu anataka kuhamia.

Januari 9
Amefika muuguzi mkuu mpya, Sista Lourdes. Ana shahada ya chuo kikuu na umri wa kuwa binti yangu. Amekuja na kizibao chekundu kilichoandikwa mgongoni kwa herufi kubwa: NAGAWA DAWA, USINISEMESHE. Anasema dawa nyingi hukosewa mtu akikatizwa katikati.

"Dada Nimia, hebu kijaribu."

Nikakijaribu. Mzee Arsenio, mgonjwa wetu wa kisukari, mwenye kitanda cha tatu, akaketi ili anione vizuri.

"Sista, gari langu nimeliacha pale nje," akasema. "Liangalie vizuri, nikitoka nitakuona."

Wodi nzima ikaangua kicheko. Na kweli nilifanana na wale vijana wanaolinda magari siku ya soko. Nikakivua, nikakitundika nyuma ya mlango. Tangu hapo kinaishi huko.

Januari 10
Umeme ulikatika mchana. Feni zote mbili zikawa sawa. Haki imetendeka.

Januari 15
Sista Lourdes ana jambo jingine. Tusimwulize mgonjwa, "Wewe ni fulani?" Tumwambie ataje jina lake mwenyewe, lote, kila mara, kabla ya dawa.

"Sista," nikamwambia, "yule mzee wa dirishani nimemwogesha wiki nzima. Leo nimwulize jina?"

"Mwulize."

"Ataniona nimerukwa na akili."

"Afadhali akuone hivyo, dada yangu."

Nikacheka njia nzima hadi nyumbani. Lakini niandike ukweli, kwa kuwa ukurasa bado ni mrefu: wazee wa mashambani kwetu wana adabu ya kupita kiasi. Mwenye nguo nyeupe akiwauliza, "Wewe ndiye askofu?" watajibu, "Ndiyo, mwanangu," wasije wakamwaibisha.

Januari 19
Joto. Chipa za leo, vile vimkate vya jibini vya barabarani, zilikuwa ngumu. Mwuzaji anasema ni hali ya hewa.

Januari 24
Ameingia mzee Taciano, mkulima wa muhogo, na kidonda cha mguu alichojikata kwa panga. Ana miaka inayokaribia themanini na sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuchukua nafasi. Amepewa kitanda cha nne, jirani na Arsenio, pasipofika hata pumzi ya feni.

Mkewe, Bi Ceferina, amekuja naye na hataondoka. Ndugu wa wagonjwa hulala kwenye ua wetu, chini ya paa la mabati. Amekuja na mkeka, thamosi ya maji baridi, kikombe cha pembe ya ng'ombe chenye mrija wake wa chuma, na kinu kidogo cha mbao. Kila asubuhi anatwanga majani na mizizi ya kutia kwenye tereré, chai yetu ya baridi ya majani ya mti wa mate, kwa sababu mtu kunywa tereré bila dawa hizo ni kama kusalimia bila kutaja jina. Tu-tu-tu, tu-tu-tu. Mlio huo unafika mpaka chumba cha dawa. Katika vijiji vya kwao, nasikia, wanawake hupanga foleni kwake: wa tumbo, wa figo, wa kukosa usingizi, wa mume. Nyuma ya nyumba ana bustani ya majani hayo aliyorithi kwa mama yake.

Ananiita mwanangu. Nina wajukuu.

Januari 27
Joto la leo limeua kuku wa jirani. Arsenio amemtazama Taciano akitokwa jasho, akaona haya. Kwetu mtu hakai pazuri wakati mkubwa wake yuko pabaya. Akainuka, akachukua shuka lake la kujifunika.

"Mzee, njoo hapa chini ya helikopta."

"Hapana, mwanangu, hapa panatosha."

"Utakufa hapo, halafu watasema nilikuangalia tu. Njoo. Ni mchana tu, jioni unanirudishia."

Taciano akakataa mara mbili, kama inavyotakiwa, akakubali ya tatu. Mto wake niliubeba mimi mwenyewe. Nikajisikia mtu mwema sana.

Januari 30
Wanabadilishana kila mchana. Sista Lourdes hajui, kwa kuwa mchana huwa ofisini akibishana kwenye simu kuhusu ile feni ya pambo. Wagonjwa wote wanajua. Mimi najua.

Februari 2
Joto. Tu-tu-tu. Bi Ceferina amenipa tereré yenye mnanaa na kitu kichungu. Nimefanya kazi kama msichana.

Februari 8
Hakuna mvua. Mawingu yalikuja, yakatutazama, yakaenda Brazili.

Februari 11
Sijui nianzie wapi. Nitaanzia kwenye chipa.

Kabla ya chakula cha mchana Arsenio huchomwa insulini. Nilikuwa nimeivuta kwenye bomba la sindano, ipo kwenye trei, nami niko mlangoni mwa wodi. Kizibao kilikuwa nyuma ya mlango huohuo. Bega langu lilikigusa. Hapo mwuzaji wa chipa akaniita dirishani: "Sista Nimia! Leo za moto! Nikuwekee?" Nikamgeukia. Nikamwambia aniwekee, tena zile zilizoiva upande wa chini. Tukataniana kidogo kuhusu zile ngumu. Nikageuka, nikaenda kitanda cha tatu.

Kwenye kitanda cha tatu amelala mwanamume, uso ukiwa chini ya kitambaa, kwa sababu ya nzi. Mimi ninayejisifu kwamba natazama uso.

"Mzee Arsenio?"

"Ndiyo, mwanangu."

Akanyoosha mkono kabla sijamwambia. Nikachoma. Akasema asante. Nikaenda kula chipa.

Baadaye nikamsikia Bi Ceferina akipiga kelele. Alikuwa ametoka kutafuta barafu, na aliporudi alimkuta mumewe amelowa jasho kama aliyetolewa mtoni, anatetemeka, anazungumza na kaka yake aliyefariki zamani, akimsihi asiache ng'ombe waingie kwenye muhogo. Nikakimbia. Nilipofika mlangoni nikaona kitanda, nikaona feni, nikaona uso bila kitambaa. Nikaelewa yote kwa pamoja, kama mtu anayeona ufunguo wake ndani ya nyumba baada ya kuvuta mlango.

Sista Lourdes alishafika na kipimo. Sukari ilikuwa chini mno. "Glukosi, haraka!" Nikamletea. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri, na hilo ndilo linalonishangaza: mikono haikuwa na aibu hata kidogo. Tukamtia glukosi kwenye mshipa. Kidogo kidogo mzee akarudi. Akatazama dari, akamtazama mkewe, akasema, "Ceferina, ng'ombe wametoka?"

Daktari akaja. Akauliza mgonjwa amekula nini, amekunywa nini. Bi Ceferina akamwonyesha thamosi.

"Ndani mna nini?"

"Majani tu, daktari. Ya kupoza damu."

"Majani gani?"

Akayataja. Daktari akasikiliza kama mtu anayesomewa orodha ya wahalifu. "Kuna majani hapo yanayoshusha sukari. Mama, unataka kumuua mumeo?"

Sista Lourdes akaniangalia. "Dada Nimia, asubuhi alipewa nini?"

"Dawa yake ya kidonda tu," nikasema.

Huo haukuwa uongo. Asubuhi alipewa hiyo tu. Ningeishia hapo ningekuwa mwoga wa kawaida. Lakini daktari bado alikuwa amesimama, na mimi nikaongeza, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuonya:

"Hawa nimewaambia mara nyingi kuhusu haya majani."

Sijawahi kuwaambia. Asubuhi ileile nilikunywa kikombe chao, nikalamba mrija.

Februari 12
Sukari ya Arsenio imepanda vibaya tangu jana jioni. Daktari amelipekua kabati lake.

"Keki iko wapi?"

"Daktari, sijala keki."

"Jamu?"

"Naapa kwa marehemu mama yangu."

"Mama yako umemwapia wiki iliyopita, na tulikuta maziwa ya sukari chini ya mto."

Watu wakacheka. Arsenio naye akacheka. Halafu akaacha kucheka, akanitazama mimi, taratibu, akatazama feni, akatazama kitanda cha nne. Nikajifanya nakunja shuka.

Februari 13
Hakuna mlio wa kinu. Thamosi na kinu vimezuiwa, vipo kwa mlinzi wa geti pamoja na miavuli iliyosahauliwa.

Februari 14
Taciano anapata nafuu. Daktari anataka akae zaidi, aangaliwe.

Bi Ceferina haingii tena wodini. Anakaa kwenye benchi la nje, mikono ameiweka mapajani imelala kifudifudi. Chakula cha mumewe anampa mwanawe wa kiume, Silvio, akipeleke. Nikamwambia, "Bi Ceferina, ingia ukamlishe mwenyewe, mbona?"

"Hapana, mwanangu. Mikono hii si ya kuaminiwa."

"Usiseme hivyo."

"Wewe ulituonya," akasema. "Sikumbuki ulituonya lini, lakini mimi ni mzee, nasahau. Nisamehe kwamba sikukusikia."

Ameniomba msamaha. Nimekwenda chooni nikafungulia bomba, nikasimama. Maji hayakutoka. Hata bomba limenikatalia.

Februari 15
Joto.

Februari 16
Joto.

Februari 17
Nimeandika "joto" siku mbili kana kwamba hapakuwa na jambo jingine. Huo nao ni uongo, na anayedanganywa ni mimi peke yangu. Nimefikia hali ya kudanganya kitabu cha bure.

Februari 19
Arsenio amekuwa mpole kwangu. Hanitanii. Mtu huyu angetania hata jeneza. Leo nikimchoma alisema polepole, macho dirishani:

"Siku ile sikuchomwa."

Sindano ilikuwa bado mkononi mwangu.

"Nilikuwa barazani na yule wa kitanda cha sita. Niliona mchana umepita bila sindano, nikafurahi kama mtoto aliyesahauliwa na mwalimu. Nikanyamaza. Baadaye yule mzee akapotea akili, na mimi bado nikanyamaza. Halafu wakaanza kutafuta keki."

"Mzee Arsenio..."

"Mimi sitasema kitu, bibie. Una miaka mingi hapa. Nilitaka tu kukuambia kwamba keki sikula."

Angenitukana ingekuwa rahisi. Kufichiwa siri na mtu mkarimu ni kama kuvikwa nguo ya mtu mwingine: kila ukijongea unajua si yako.

Februari 20
Nimekivaa kizibao leo. Nilipotoka nacho hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, nikawa sina pa kuyaweka maandalizi yangu.

Februari 22
"Taja jina lako, tafadhali." Nimemwambia kila mgonjwa. Wanashangaa, wanataja. Mmoja aliuliza kama kuna uchaguzi.

Nilipofika kwa Taciano akasema, "Si unanijua, mwanangu?" Nikamwambia ndiyo, lakini ataje. Akataja. Nikamwuliza, nikijua sipaswi kuuliza: "Mzee, siku ile uliyougua, kuna mtu alikuchoma sindano mchana?"

Akafikiri. "Naona kama ndiyo."

"Na ulimwambia daktari?"

"Hakuniuliza."

"Hukushangaa? Wewe huchomwi mchana."

"Nilishangaa kidogo," akasema. "Lakini nikajiambia, hawa ndio wanaojua."

Februari 24
Mawingu tena. Tena Brazili.

Februari 26
Sista Lourdes ameniita ofisini. Nikajua ndiyo leo. Nikamkuta amekaa, feni ndogo ya mezani inageuka huku na huku kama mtu anayekataa.

"Dada Nimia, nakuuliza kama mtu mwenye uzoefu. Mgonjwa asiye na kisukari sukari inashuka. Jirani yake mwenye kisukari inapanda. Siku moja. Wewe ungefikiri nini?"

"Joto," nikasema.

Akanitazama. Nilimwona akichoka mbele ya macho yangu. "Haya," akasema. "Nenda."

Nikaondoka nikijiambia mambo mabaya kuhusu wasomi. Sikufika mwisho wa korido, maneno yakaniishia.

Machi 1
Silvio ameniambia leo, tukiwa getini, akiwa na furaha ya mtu aliyepewa kazi nyepesi: kesho haji, mama yake amemtuma nyumbani akang'oe bustani.

"Bustani gani?"

"Ile ya majani, Sista. Yote. Amesema niyang'oe na mizizi, niyachome. Wanawake wakija niwaambie mama ameacha, asije akaua mtu wa watu."

"Ameamua lini?"

"Tangu siku ile. Alikuwa anasubiri mwezi upungue, ili yasichipue tena."

Ningemwambia palepale: Silvio, usiende. Maneno mawili. Nilisema, "Wasalimie nyumbani."

Machi 2
Nimeamka nikijua nitasema. Nimepiga mswaki nikijua. Nimefika kazini, nimekuta raundi ya daktari imeanza, nikajiambia, baada ya raundi. Najifahamu: baada ya raundi ningesema baada ya chakula, na baada ya chakula ningesema kesho. Basi nikaingia katikati ya raundi, nikiwa na kizibao chekundu. Daktari alikuwa kwenye kitanda cha nne, mguu wa Taciano uko wazi. Mlango ulikuwa wazi pia, na pale nje kwenye benchi nikaona mgongo wa Bi Ceferina.

"Daktari, si majani," nikasema.

"Nini si majani?"

"Ilikuwa insulini ya mzee Arsenio. Nilimchoma mzee Taciano. Walikuwa wamebadilishana vitanda, na mimi nilijua wamebadilishana. Sikumtazama uso. Niliita jina la mwenzake, akaitika."

Feni ilikuwa inalia kidogo, kila mzunguko mlio mmoja, sikuwahi kuusikia kabla.

"Na sikuwahi kuwaonya kuhusu majani," nikasema. "Nilikuwa nakunywa nao."

Daktari akawa mwekundu kuanzia shingoni. Alisema mengi na yote nilistahili, lakini niliona pia kwamba anasema haraka, kama mtu anayejaribu kufunika sauti yake mwenyewe ya siku ile: mama, unataka kumuua mumeo?

Arsenio akakohoa. "Daktari, na ile keki yangu?"

"Nyamaza, Arsenio," akasema daktari. Halafu, kwa shida: "Samahani kwa keki."

Bi Ceferina alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alifika lini. Nikamwendea. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, nimeyapanga usiku kucha, na yote yakanikimbia.

"Ni mimi, Bi Ceferina. Si mikono yako. Ni yangu."

Akautazama uso wangu muda mrefu. Hivyo ndivyo mtu anavyotazama uso.

"Nimekuita mwanangu tangu tufike," akasema. "Jina lako nani?"

"Nimia."

"Lote."

"Nimia Concepción Ovelar Duarte."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea kitu na kukihesabu. "Nimia Concepción Ovelar Duarte," akasema, "Silvio ameondoka na basi la alfajiri. Kwetu simu haishiki."

Kisha akanipita, akaenda kukaa kando ya mumewe. Akaishika mikono yake. Taciano akamwuliza nini kimetokea, maana hakuelewa vizuri, akamwambia, "Hakuna. Kumbe nilikuwa natwanga vizuri."

Machi 3
Nilikwenda getini nikachukua thamosi na kinu mwenyewe, nikavifuta vumbi. Nilimkabidhi kwa mikono miwili. Alivipokea. Hakutwanga kitu. Alitia maji baridi na majani matupu ya mate, akaanza kugawa kikombe barazani: kwa Arsenio, kwa wa kitanda cha sita, kwa mwanamke anayefagia. Nilikuwa nimesimama kwenye mduara. Kikombe kilifika kwa mtu wa kulia kwangu, kikarudi kwake, akakijaza, akampa mtu wa kushoto kwangu.

Hakuna aliyeonekana kuona. Wote waliona.

Machi 5
Sista Lourdes amenisimamisha kugawa dawa mpaka Asunción waamue. Naosha, natandika, nabeba. Nilimwambia ni haki. Akafunga mlango wa ofisi.

"Nilijua, dada Nimia. Tangu jioni ile, nilipopima sukari ya Arsenio."

"Mbona hukusema?"

"Ningeandika ripoti, wangeuliza kwa nini wagonjwa wanahamahama vitanda. Ningejibu feni. Wangeuliza kwa nini feni haijatengenezwa, na wanaouliza ni walewale niliokuwa nawaomba fundi. Nikaogopa kuonekana siwezi wodi mwezi wa kwanza tu." Akaigeuza kalamu yake. "Kila asubuhi nilipita mbele ya yule mama pale kwenye benchi. Nikamsalimia."

Nimekaa naye kidogo. Nilikuwa nimezoea kumtazama kama mtu aliyetoka kitabuni. Leo niliona ana kucha zilizotafunwa mpaka nyama.

Machi 8
Mvua! Imekuja mchana, bila salamu. Watu wamesimama barazani wakainyooshea mikono. Bi Ceferina alisimama peke yake, akitazama upande wa kwao.

Machi 10
Kuanzia leo jina halikai kwenye ubao wa kitanda tena. Linakaa kwa mtu. Tunaandika kwenye plasta, tunazungusha kwenye kifundo cha mkono, mtu ahamie kitanda anachotaka, jina linamfuata. Wazo ni la Sista Lourdes. Kalamu imeshikwa na mimi. Arsenio alitaka yake iandikwe "Jemadari." Nikamwandikia Arsenio Benítez Cabrera. Akaisoma, akasema jina hilo halijawahi kumletea faida yoyote, lakini alivae tu.

Taciano ametoka leo. Mkewe aliniaga kama wanavyoagana watu waliokutana kituo cha basi.

Machi 17
Fundi amekuja. Feni ya pambo imezunguka. Ilihitaji kipande cha waya.

Machi 21
Asunción wameamua. Onyo la maandishi, na nirudi kugawa dawa nikiwa na mtu wa kunitazama. Nimeipokea barua hiyo bila furaha. Nilikuwa nimeanza kuipenda adhabu. Ilinipa pa kusimama.

Machi 27
Leo wamerudi, mzee akaguliwe kidonda. Mvua ilikuwa imenyesha na barabara ni tope, wote wawili wamekuwa wekundu mpaka magotini. Bi Ceferina alikuwa na thamosi kwapani. Nilitazama kama kuna kinu. Hakikuwapo. Sikuthubutu kuuliza habari za bustani, naye hakunipa.

Kidonda kimefunga vizuri, imebaki sindano moja ya mwisho. Nilivaa kizibao. Sista Lourdes alisimama nyuma yangu. Mwuzaji wa chipa alipita dirishani, akaniona mgongo, akapita kimya.

"Mzee, taja jina lako, tafadhali."

Taciano akatabasamu kwa lile tabasamu lake la kuomba radhi. "Si unanijua, mwanangu?"

"Mtajie, Taciano," akasema mkewe. "Lote."

Akalitaja lote, taratibu, nami nikilisoma neno kwa neno kwenye plasta tuliyomfunga alipofika. Nikavuta dawa. Nikainua mkono, nao mkono wa Bi Ceferina ukauzuia, hauna nguvu, mkavu, unanukia maji na majani matupu ya mate.

"Na wewe," akasema.

Nikalitaja langu. Lote. Alisubiri mpaka neno la mwisho ndipo akauachia mkono wangu. Sikuwahi kujua kwamba nina jina refu namna hii.